Ifuate Oili Inakopita: Ulainishaji wa Injini ya Gari la Zamani

Hotuba kwa wenye magari ya zamani na vijana wa gereji, Viwanja vya Furahisha, Mwanza

Wazee wangu, mama zangu, mafundi wenzangu, na ninyi vijana mliokalia matairi huko nyuma kwa sababu viti vimekwisha: mwangaluka!

Waandaaji waliniomba nizungumzie matunzo ya gari la zamani. Nikawaambia hilo ni shamba kubwa mno kwa asubuhi moja. Breki zina watu wake hapa, umeme una watu wake, na rangi ina watu wake tena wenye maneno mengi. Mimi nitabaki kwenye oili.

Nimechagua oili kwa sababu ya ushauri mmoja ambao kila mwenye mkweche amewahi kupewa, kuanzia Kirumba hadi Igoma. Taa ya oili imeanza kumulika ukiwa umesimama kwenye foleni. Unakwenda kwa fundi. Fundi hafungui kitu, anasikiliza kidogo, anasema: "Mzee, weka oili nzito." Unaweka. Taa inazima, fundi anapata chake, wewe unafurahi. Halafu siku moja uko njiani kwenda Magu na injini inanoki.

Msimamo wangu ni huu, na anayetaka kubishana tutabishana baadaye: presha unayoiona kwenye geji siyo oili. Oili ni ile iliyofika kwenye beringi. Mara nyingi viwili hivi vinakwenda pamoja, lakini siku vinapoachana, anayeitibu geji ndiye anayeiua injini. Ili usidanganyike, lazima ujue oili ya gari lako inatoka wapi, inapita wapi, inarudi vipi. Siyo ya gari la jirani. Ya lako, maana haya magari ya kale hayakufanana.

Tuanze ndani kabisa, pale chuma kinapopakana na chuma. Krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, inazunguka ndani ya beringi zilizopakwa madini laini, yenye bati au risasi ndani yake. Kati ya krenki na beringi kuna nafasi ambayo jicho haliioni. Kwa injini nyingi za miaka ya 1950 na 1960 ni kati ya milimita 0.03 na 0.07 hivi, unene wa unywele. Uhai wote wa injini umo ndani ya nafasi hiyo.

Wengi wanaamini pampu ndiyo inayoinyanyua krenki isiguse beringi. Sivyo, na hesabu yenyewe inakataa. Pampu inasukuma kwa paundi 40 au 50 kwa inchi ya mraba. Petroli ikilipuka juu ya pistoni, konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, inasukumwa chini kwa nguvu inayozidi uzito wa tani moja. Pampu haiwezi kubeba mzigo huo. Kinachoubeba ni mzunguko wa krenki yenyewe. Injini ikiwa imezimwa, krenki imelala juu ya beringi. Ikianza kuzunguka, inaikokota oili na kuiingiza mahali panapozidi kubana, na kwa kuwa oili haina pa kukimbilia, inaibeba krenki juu. Mmeiona boti ya injini ikiondoka Mwaloni: mwanzoni imekaa zito majini, lakini ikishika kasi pua inainuka na boti inateleza juu ya maji yaleyale yaliyokuwa yakiizuia. Presha inayozaliwa ndani ya ule utando wa oili ni mara nyingi zaidi ya ile ya pampu, na hakuna geji ya gari inayoipima.

Basi kazi ya pampu ni ya kupeleka tu. Inahakikisha kila beringi ina oili ya kutosha ya kukokotwa, na kwamba oili iliyokwisha kupata joto inaondoka na kupisha nyingine. Hilo la joto tunalisahau. Beringi haina maji ya rejeta yanayoifikia. Inapozwa na oili inayopita. Oili ikipita kidogo, hata kama ni nzuri namna gani, beringi inachemka, oili inakuwa nyembamba, utando unakatika. Madini laini yanayeyuka na kuviringika, na ndipo unaposikia ile sauti ya kugonga chini ya injini ambayo hakuna mwenye gari anayeisahau.

Sasa nitawarudisha nyuma kidogo. Ford Model T, iliyotengenezwa Marekani tangu 1908 hadi 1927, zaidi ya magari milioni 15, haikuwa na pampu ya oili hata moja. Flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, ilizunguka ndani ya oili na kuirusha juu. Faneli ndogo ikadaka kiasi, bomba likakipeleka mbele kwenye gia za taimingi, na kutoka hapo oili ikatiririka kurudi nyuma ikijaza vijibirika vilivyo chini ya kila konrodi. Konrodi ikishuka inachota na kurusha. Mengine yote yalilainishwa na mvuke na matone. Hapakuwa na geji wala dipstiki. Dereva alijilaza chini ya gari na kufungua vibomba viwili vidogo, kimoja juu ya kingine. Cha juu kikitoa oili, imezidi. Cha chini kisipotoa, usiwashe.

Mfumo huo ulifaa kwenye tambarare. Mlima ukiwa mrefu, oili inakimbilia nyuma na konrodi ya silinda ya mbele inabaki kavu, ndiyo maana Wamarekani waliuziana mabomba ya kuongezea ili kuiokoa silinda hiyo. Mtu akiwaletea Model T hapa, mwulizeni kwanza kama amelifunga bomba hilo, kisha ndipo mmpandishe kilima cha Bugando.

Chevrolet za silinda sita ziliendelea na mtindo wa vijiko na kurusha hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, ingawa zenyewe zilikuwa na pampu ya kulisha beringi kubwa. Geji yake haifiki hata paundi 20, na hiyo ndiyo afya yake. Fundi aliyezoea Toyota akiiona atasema injini imekufa. Haijafa. Ilizaliwa hivyo.

Tuje kwa gari ambalo nadhani nusu yenu mmekuja nalo, Land Rover. Nitachukua Series IIA, iliyoanza 1961, yenye injini ya petroli ya lita mbili na robo, sentimita za ujazo 2,286. Wazee wa pamba mnaijua vizuri kuliko mimi; enzi za ushirika wa wakulima aliouongoza Paul Bomani hapa Ziwani, na miaka mingi baadaye, barabara nyingi za Usukuma zilikuwa za Land Rover na ng'ombe.

Sampu yake, yaani beseni la oili chini ya injini, inabeba kama lita 6. Chini kabisa kuna chujio la waya lililofungwa kwenye pampu, na pampu ni gia mbili zinazosagana, zikiendeshwa na shafti inayopata mzunguko kutoka kwenye kamshafti, ile shafti inayofungua valvu. Oili inafyonzwa kupitia waya, inasukumwa na gia, na hapo hapo kwenye pampu inakutana na valvu ya kupunguzia presha, yaani kizibo kinachokaliwa na springi. Presha ikizidi nguvu ya springi, kizibo kinafunguka na sehemu ya oili inarudi kwenye sampu bila kufanya kazi yoyote. Shikeni hiyo, nitairudia.

Ile iliyobaki inakwenda kwenye filta, kisha inaingia kwenye mfereji mkuu uliotobolewa ndani ya bloki kwa urefu wake. Kutoka mfereji huo inagawanyika. Kwanza meni beringi, zile kubwa zinazoishika krenki, ambazo kwa injini hii ni 3 tu. Zile za beringi 5 zilikuja mwaka 1980. Kutoka meni beringi oili inaingia ndani ya krenki yenyewe, kwa matundu yaliyotobolewa kimshazari, hadi beringi za konrodi. Tawi jingine linalisha kamshafti. Jingine linakisukuma kikaza mnyororo wa taimingi. Na jingine linapanda juu kabisa hadi shafti ya roka, vile vikono vinavyosukuma valvu; oili inatokea kwenye matundu madogo, inalowesha roka na miguu ya valvu, halafu inashuka yenyewe kwa uzito wake hadi sampu.

Mkiitazama njia hiyo mtaona kwa nini mnyororo wa taimingi hulia sekunde chache asubuhi kisha ukanyamaza: kikaza kilikuwa kinasubiri oili. Na mtaona kwa nini roka ndizo za kwanza kukauka. Ziko mwisho wa foleni.

Kitabu cha gari hilo kinataka paundi 35 hadi 65 kwa inchi ya mraba injini ikiwa imepata moto na gari likienda maili 30 kwa saa. Injini ikiwa moto, siyo asubuhi ikiwa baridi. Nimeona mtu akijisifu kwa presha ya asubuhi. Presha ya asubuhi kila mtu anayo.

Sasa tuone presha inatoka wapi. Pampu haitengenezi presha, inatengeneza mwendo wa oili. Presha inazaliwa kwa sababu mwisho wa njia kuna nafasi nyembamba ambazo oili inalazimishwa kupita. Nafasi zikipanuka, oili inatoka kirahisi, presha inashuka. Na hazipanuki kwa upole: oili inayovuja kwenye nafasi kama hiyo inafuata ukubwa wa nafasi uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Beringi iliyokuwa na milimita 0.05 ikichakaa hadi 0.10 haivujishi mara mbili. Inavujisha mara nane. Beringi moja iliyokwisha inakula fungu la wenzake wote, na zile nzima zinaanza kufa kwa njaa.

Mkilielewa hilo, ule ushauri wa oili nzito unajieleza. Oili nzito inapita polepole kwenye nafasi iliyopanuka, kwa hiyo presha inapanda kwenye geji. Lakini inapita polepole pia kwenye beringi nzima, na kwenye tundu dogo la kupanda kwenye roka, na kwenye waya wa chujio. Asubuhi ni mbaya zaidi: oili nzito baridi inaisukuma ile valvu ya kupunguzia presha ikafunguka wazi, sehemu kubwa ya oili inarudi kwenye sampu kabla ya kufika popote, na geji inaonyesha presha ya kuvutia kabisa. Unaitazama, unaridhika, na juu roka zinasagana zikiwa kavu.

Sisemi oili nzito haina mahali. Injini iliyochoka kweli, inayosubiri hela ya ovaholi, inaweza kusogezwa kidogo kwa kuhama kutoka namba 40 hadi 50. Ila fanya hivyo ukijua unanunua muda. Usifanye kabla ya kutafuta sababu, maana sababu nyingine ni ndogo hadi inachekesha.

Kuna Land Rover 109, ile ndefu, iliyovushwa kutoka upande wa Sengerema, mwenyewe akiwa ameshaambiwa na gereji moja kwamba krenki ichongwe na beringi zinunuliwe zote. Presha ikiwa moto ilikuwa haisomeki. Alikuwa tayari ameuza ng'ombe. Nilivuta dipstiki nikakuta oili imepita alama ya juu. Huyu mtu hakuongeza oili, imepandaje? Nikainusa. Petroli tupu. Pampu ya mafuta ya gari hili imefungwa ubavuni mwa bloki na ndani yake kuna ngozi ya mpira; ngozi ikipasuka, petroli inadondokea kwenye sampu. Oili iliyochanganyika na petroli inakuwa kama maji, na presha inatoweka. Tulibadili ngozi, tukamwaga oili, tukaweka nyingine na filta mpya, na presha ikarudi mahali pake. Vijana, mkinusa dipstiki, sigara iwe mbali.

Kwa hiyo presha ikishuka, shukeni nayo ngazi kwa ngazi. Kwanza ulizeni kama imeshuka kweli. Swichi ya taa ni kitu cha bei ndogo na inadanganya mara kwa mara. Funga geji ya mkono kwenye tundu lile lile usome kwa macho yako. Kisha kiwango cha oili, na harufu yake, na rangi yake. Kama hapo pote ni pazuri ndipo mnafungua sampu, na ukishaifungua huna sababu ya kuwa na haraka. Tazama waya wa chujio: kwa injini iliyokaa miaka bila kumwagwa oili, utakuta umezibwa na tope jeusi, na pampu iliyo nzima kabisa imekuwa ikifyonza kupitia uwazi wa kidole kimoja. Tazama ile valvu ya presha, kama kuna uchafu umeishikilia ikabaki wazi au springi imechoka. Pima gia za pampu. Beringi ni za mwisho kulaumiwa, ingawa ndizo za kwanza kutajwa, kwa sababu ndizo zenye faida.

Peugeot 404 ina ugonjwa wake. Kwanza niseme kidogo kwa heshima yake, maana hapa kuna vijana wanaodhani rali ilianza na Subaru. Gari hili lilishinda East African Safari mwaka 1963, likarudia 1966, 1967 na 1968, na zile za 1966 na 1967 liliendeshwa na Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell. Kwa barabara za vumbi na matope za wakati ule, injini ya kuvumilia hivyo haikutokea kwa bahati.

Lakini silinda za 404 ni silivu zinazotoka, yaani mapipa ya chuma yanayochomoka kwenye bloki, na maji ya rejeta yanazigusa moja kwa moja kwa nje. Chini ya kila silivu kuna sili inayotenganisha maji na sampu. Sili hiyo ikizeeka, maji yanaingia kwenye oili. Ukifungua kifuniko cha kujazia unakuta utando kama chai ya maziwa. Hapo usiongeze kitu chochote, wala usiendeshe hadi nyumbani. Maji hayabebi krenki.

Angalizo tu: utando huo mweupe ukiwa kidogo na uko chini ya kifuniko pekee, huenda ni unyevu. Anayekaa Capri Point na kuendesha hadi mjini kati na kurudi, injini yake haipati moto wa kutosha kuukausha unyevu unaojikusanya ndani. Siku ya Jumapili ipeleke hadi Misungwi na kurudi, kisha tazama tena. Utando ukipotea, ulikuwa unyevu. Ila maji kwenye rejeta nayo yawe hayakupungua.

Volkswagen Beetle ni dunia nyingine. Haina maji kabisa. Hewa ya feni na oili ndivyo vinavyoipoza, na oili yenyewe ni lita 2 na nusu tu, yaani chini ya nusu ya ile ya Land Rover, kwa kazi iliyo nzito zaidi. Filta ya karatasi hakuna; kuna chujio la waya chini ya injini, lililoshikwa na bamba lenye nati ndogo. Waya unazuia mchanga na vipande, hauzuii masizi. Kwa hiyo uchafu wote mdogo unabaki ndani ya oili, na dawa yake ni moja, kumwaga mapema. Kitabu kinasema kilomita 5,000. Kwa vumbi letu mimi nasema ukifika 3,000 usione aibu. Kila ukimwaga, fungua bamba, osha waya, weka gasketi mpya. Na ndani ya lile bati la feni kuna rejeta ndogo ya oili. Ikizibwa na vumbi na mafuta kwa nje, oili haipoi, na taa itamulika kwenye mlima hata kama pampu ni mpya.

Oili ipi tuweke? Swali hili linazua ugomvi kuliko Simba na Yanga. Kwa magari mengi tuliyoyataja, 20W-50 ya kawaida inatosha kwa Mwanza. Namba ya kwanza inasema oili inavyotembea ikiwa baridi, ya pili inasema uzito wake kwenye nyuzi 100. Baridi yetu ya alfajiri haipiti sana chini ya nyuzi 16, basi hatuhitaji 5W wala 0W. Sintetiki ukiwa na hela weka, haidhuru, lakini ukiiweka kwenye injini inayovuja unamwaga hela barabarani.

Kuna jambo la zinki na fosforasi ambalo wenye magari ya Ulaya na Marekani hulizungumza sana, na wana sababu. Kamshafti ya 404, ya Beetle, ya Morris, inasugua tapeti bapa, vile vipande vinavyopokea msukumo wake kuelekea valvu, chuma juu ya chuma kwa mkandamizo mkubwa, na hapo utando wa oili hautoshi. Kinachookoa ni kiungo chenye zinki na fosforasi kinachojibandika kwenye chuma. Fosforasi inaharibu vichujio vya moshi vya magari ya kisasa, kwa hiyo tangu kiwango cha ubora wa oili kiitwacho SM, cha mwaka 2004, imepunguzwa kwenye oili nyepesi za magari mapya. Oili za uzito wa 40 na 50 hazikubanwa hivyo. Ndiyo sababu nyingine ya kukaa na 20W-50. Wenye Land Rover tulieni: tapeti za injini hiyo zina roli, hazisugui, zinabingirika. Waliounda injini hiyo walifikiri mbali.

Jambo linalonitia hofu zaidi kuliko zinki ni oili ya kopo lililofunguliwa, inayopimwa kwa chupa ya maji. Inaweza kuwa ilishatembea kwenye gari la mtu mwingine. Nunua kopo lenye sili nzima, na ukishalitumia litoboe kabla ya kulitupa, lisije likakurudia limejazwa.

Kuvuja. Najua mlikuwa mnangoja hili. Gari la kale linavuja, sitawadanganya. Lakini kabla hujabadili sili ya nyuma ya krenki kwa mara ya tatu, fungua kipumulio cha injini uone kama kimeziba. Gesi zinazopita kwenye ringi za pistoni lazima zitoke mahali. Zikikosa njia, zinaisukuma oili nje kupitia kila gasketi, na sili mpya haitamaliza wiki.

Na kwenye Land Rover, chini ya nyumba ya flaiwili, kuna tundu dogo. Linadondosha. Mwenye gari anaudhika, anatafuta bolti, anaziba, sakafu inakuwa safi. Bolti hiyo ipo kweli na imetengenezwa kwa ajili ya tundu hilo, lakini ni ya kufungwa pale tu unapotaka kuvuka maji ya kina. Ukishavuka unaitoa. Tundu lipo ili oili inayopenya sili ipate pa kutokea. Ukiliziba moja kwa moja oili inajikusanya humo na kuilowesha klachi, na klachi iliyolowa oili haishiki. Sasa badala ya tone sakafuni unateremsha gia boksi.

Wenye kichujio cha zamani cha hewa, lile bakuli lenye oili juu ya kabureta, msilisahau. Vumbi la barabara ya Kwimba linanaswa na oili ya bakuli hilo. Likijaa tope, vumbi linaingia kwenye silinda, linasaga ringi, linateremka kwenye sampu, na ile njia yote niliyoieleza inageuka kuwa njia ya kusafirishia mchanga.

Gari likiwa limelala miezi, usilipige stata moja kwa moja. Toa plagi zote, zungusha injini kwa stata au kwa hendeli hadi taa ya oili izime, rudisha plagi, ndipo uwashe. Krenki bila mkandamizo haina mzigo, basi oili inapata nafasi ya kufika kabla ya kazi kuanza.

Na ile oili chafu mnaipeleka wapi? Mto Mirongo unapita katikati ya mji na kuingia ziwani, na ziwa ndilo tunalokunywa. Ihifadhini kwenye dumu lenye kifuniko hadi apatikane mkusanyaji. Wanaoipaka mikononi wakisema inalainisha ngozi, acheni; oili iliyotumika ina sumu zinazosababisha kansa ya ngozi.

Nimeletewa maswali mawili kwenye karatasi. Dada mwenye Beetle anauliza kama anaweza kufunga filta ya kisasa. Anaweza. Kuna pampu zinazouzwa zenye mahali pa kushikia filta, na faida yake si uchujaji tu, oili nayo inaongezeka. Ila angalia filta isining'inie chini kuliko injini, kwa matuta yetu haya.

La pili, kijana anauliza kama inafaa kumimina dizeli kwenye sampu na kuiwasha injini ili kuosha tope. Kwa injini ya miaka sitini, hapana. Dizeli haina uwezo wa kubeba beringi, na tope ikibanduka kwa pamoja inakwenda moja kwa moja kwenye waya wa pampu. Teremsha sampu, kwangua kwa mkono, osha, taa ya mafuta ikiwa mbali. Kabla ya kuirudisha, laza rula kwenye ukingo wake, maana bolti zilizokazwa kupita kiasi huwa zimeuvuta ukingo kuzunguka kila tundu. Nyoosha kwa nyundo ndogo juu ya ubao, weka gasketi mpya, kaza bolti kidogo kidogo kwa kupishana. Kisha endesha kilomita 500, mwaga tena na ubadili filta, kwa sababu oili mpya itakuwa imeendelea kuosha kile ambacho mkono haukufikia.